Utelezi Kwanza, Klei Baadaye: Maneno kwa Waosha Magari wa Mtwara

Hotuba hii ilitolewa Mtwara mjini mbele ya waosha magari, mafundi rangi na madereva. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mafundi rangi, dada zangu na vijana wangu mnaoosha magari kuanzia Mikindani mpaka Naliendele, na ninyi madereva mlioacha abiria stendi mkaja kukaa nasi: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na shikamooni wakubwa zangu.

Nimeombwa nizungumzie klei ya kusafishia rangi ya gari na maji yake ya utelezi. Wengi wenu mmeiona kwenye simu. Jamaa anafinyanga kipande laini, anapulizia maji, anapitisha juu ya boneti, na boneti inabaki nyororo. Wachache mmeshainunua. Na wachache kati ya hao wachache wamerudi kwangu wakilalamika kwamba klei imechora gari la mteja. Nataka leo tuelewane kwa nini ilichora, maana klei yenyewe haina ubaya. Kilichokosekana ni utelezi, au subira, au vyote viwili.

Nianze na rangi, kwa sababu hiyo ndiyo mali ya watu tunayoishika kila siku.

Magari mengi tunayoosha hapa yametoka Japani yakiwa yametumika: IST, Noah, Probox, Harrier, Alphard. Yamekuja na rangi ya kiwandani. Rangi hiyo ni matabaka. Chini kuna praima iliyoshika bati, juu yake rangi tunayoiona, na juu kabisa klia, lile tabaka angavu lisilo na rangi. Ukiyapima yote kwa pamoja, kwa kawaida unapata kama mikroni 100 hadi 150, na mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Klia peke yake mara nyingi ni mikroni 40 hadi 50. Unywele wa kichwani mwako kwa kawaida ni mnene kuliko hiyo. Ngozi nyembamba namna hiyo ndiyo inayokinga gari zima dhidi ya jua la Mtwara, chumvi ya bahari, kinyesi cha ndege na mikono yetu.

Ndani ya klia kiwanda kimetia dawa ya kuzuia mionzi ya jua. Klia ikipungua, kinga inapungua nayo. Mnayaona magari ambayo paa na boneti vimebabuka, klia imeinuka vipande vipande, rangi ya chini imepauka. Mwenye gari anasema ni jua. Ni kweli, jua limo. Lakini mara nyingi kabla ya jua kulikuwa na mkono uliosugua sana, tena kwa miaka. Klia haiongezeki. Kila inaposuguliwa inapungua, na siku ikiisha, dawa yake ni kupaka rangi upya, gharama ambayo mwenye Probox ya biashara hana.

Sasa tujiulize bila kuoneana haya, tunasugua na nini? Lami ikishika nyuma ya tairi, kuna anayechukua dodoki la chuma la kusugulia masufuria. Rangi ikikwaruza mkononi, kuna anayekimbilia msasa wa maji namba 2000. Na wenye mashine wanamimina kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, na kuzungusha juu ya bodi ambayo bado imeganda chembe za chuma. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linafanywa na fundi mwenye ujuzi, na mteja analilipia. Ukipiga kompaundi juu ya rangi yenye chembe ngumu, mashine inazing'oa na kuzizungusha humo humo. Gari linang'aa ukiliangalia kivulini. Likitoka juani unaona mikwaruzo ya mviringo imejaa boneti nzima.

Klei imekuja kuziba pengo hilo hilo. Inaondoa kilichoganda juu ya rangi bila kuila rangi kwa kiasi kinachoonekana, ikiwa itatumika inavyotakiwa.

Ni kitu gani kinaganda? Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu video tunazoziangalia zimetengenezwa Marekani na Uingereza, na uchafu wa kule si wote ulio wetu.

Kuna chuma. Kila dereva anapokanyaga breki, pedi na diski vinasagana na kurusha chembe ndogo za chuma zenye moto. Zinatua kwenye ringi, ubavuni mwa gari, na kwenye gari linalofuata nyuma. Zikishatua zinajikita kwenye klia, zinapata unyevu, zinaanza kushika kutu. Kwenye gari jeupe utaziona kama vidoa vya rangi ya chungwa, vidogo kama ncha ya sindano, na sabuni haivitoi. Barabara yetu ya kutoka Masasi sasa ina malori mengi, yakiwemo ya makaa ya mawe yanayokuja bandarini, na lori lenye mzigo linaposhuka mlima hulipa kila kilomita kwa breki. Nitie neno moja pembeni, mlijue tu, kwa kuwa ni letu: mafuta ya ganda la korosho hutengenezewa unga unaochanganywa kwenye breki pedi duniani kote. Kwa hiyo hata kwenye vumbi la breki linaloshika ringi za mteja wako, huenda korosho imo.

Kuna saruji. Wanaopita karibu na kiwanda au wanaobeba mifuko wanaijua. Vumbi lake likitua usiku na umande ukalikuta, asubuhi limeshaanza kuwa zege. Hili msilikimbilie na klei, nitalirudia.

Kuna utomvu. Nani hapa hajaegesha chini ya mkorosho au mwembe? Na wale wanaokwenda mashambani wakati wa kupulizia salfa wanarudi na unga wa njano mwili mzima wa gari. Salfa ni unga, haijaganda, kwa hiyo inataka maji mengi tu, tena kabla ya kugusa kwa kitambaa. Ukiifuta kavu unasaga rangi.

Kuna lami ya barabara zinazojengwa, wadudu wa safari za usiku, na matone ya rangi kutoka kwa fundi wa geti aliyepulizia upande wa upepo. Chumvi ya bahari pale Shangani siihesabu hapa. Chumvi inayeyuka kwa maji. Gari linalokaa karibu na bahari lioshwe mara kwa mara, basi. Na mchanga wa Msimbati, kwa wale wanaopeleka magari kuendesha ufukweni, nao hauhitaji klei. Unahitaji kutolewa wote kwenye mikunjo ya milango, chini ya bampa, kwenye mipira ya vioo, kabla klei haijatoka kwenye kopo lake. Punje moja ya mchanga chini ya klei inatosha kuandika mstari kutoka taa ya mbele mpaka kioo.

Klei inafanyaje kazi? Si udongo wa kuchimba. Tafadhalini, mtu asiende kuchukua udongo wa mfinyanzi akaupitisha kwenye gari la mtu, una mchanga ndani. Hii ni kitu cha kutengenezwa, donge la aina ya plastiki laini linalonyumbulika, na ndani yake wamechanganya unga mgumu uliosagwa sana. Ilianzia Japani. Mjapani Tadao Kodate alipata hataza za Marekani, yaani hati za kulinda uvumbuzi wake, katika miaka ya 1990, na kwenye maandishi hayo kitu chenyewe kimeelezwa kuwa ni jiwe la kusagia linalonyumbulika. Shikeni hapo: ni jiwe la kusagia. Ni laini mkononi, lakini kazi yake ni kukwangua. Kwenye rangi tambarare linateleza na kupita. Likikutana na chembe iliyochomoza juu ya klia linaikwangua, linaing'oa, na chembe inazama ndani ya donge.

Sasa ili lipite bila kukwangua klia yenyewe, lazima kati ya donge na rangi kuwe na utando wa maji yenye utelezi, ndiyo tunayaita kilainishi. Utando huo ndio unaobeba donge. Donge linaelea juu yake, na kinachofikiwa ni kile tu kilichosimama juu. Ukiuondoa utando, donge linalala juu ya rangi, linang'ang'ania, linaacha vipande vyake, na unga wake unakula klia. Ndiyo maana nasema utelezi kwanza. Nikiambiwa nichague kati ya klei ghali na kilainishi duni, au klei ya bei nafuu na kilainishi kizuri cha kutosha, nachukua hii ya pili bila kufikiri.

Kilainishi kinapatikana vipi? Kipo cha dukani kilichotengenezwa kwa kazi hii, ukikipata Dar es Salaam kinunue, ufuate maelekezo ya chupa. Kikikosekana, shampuu ya magari iliyochanganywa na maji safi inafanya kazi vizuri. Ichanganye iwe inateleza kati ya vidole viwili, na uijaribu kwanza sehemu ndogo ya chini ya mlango, kwa sababu shampuu nyingine hazipatani na klei fulani, zinaifanya ianze kulegea na kuyeyuka. Ukiona donge linakuwa uji mkononi, acha, badilisha shampuu.

Maji matupu hayatoshi. Yanakimbia kwenye bodi kabla mkono haujapita. Sabuni ya unga ya kufulia isiwepo kabisa, ina ukali wake na mara nyingi punje zake hazijayeyuka zote. Sabuni ya kuoshea vyombo inavua waksi na haikutengenezwa kwa ajili ya kubeba donge juu ya rangi. Siipendekezi, ingawa najua iko karibu na mkono. Spiriti, petroli na mafuta ya taa ni mwiko, vinaivunja klei yenyewe.

Na maji unayochanganyia yaangalieni. Kama maji ya kisima chako yakikauka kwenye kioo yanaacha madoa meupe, yana madini mengi. Yatumie kuoshea tairi. Kwa kilainishi, kinga maji ya mvua msimu unapokuwepo, yachuje kwa kitambaa safi, yahifadhi kwenye madumu yenye vifuniko. Sisi mvua yetu inaanza karibu na Desemba na kwenda mpaka Aprili. Madumu machache yaliyokingwa vizuri yatakubeba, kwa kuwa kazi ya klei haitumii maji mengi. Pulizia kwenye rangi, pulizia na kwenye donge, na uendelee kupulizia. Mtu anayeonea uchungu kilainishi ndiye anayekuja kunilalamikia klei.

Sasa kazi yenyewe. Gari liwe kivulini na bati liwe limepoa. Weka kiganja kwenye boneti: kama huwezi kukiacha hapo kwa raha, subiri. Kwa mchana wetu hii maana yake ni asubuhi na mapema au alasiri jua likishapungua. Kwenye bati la moto kilainishi kinakauka kabla hujamaliza pumzi moja.

Osha gari vizuri, mwanzo mpaka mwisho. Mashine ya presha ianze kung'oa mchanga, kisha shampuu kwa glavu laini, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glavu. Klei si ya kuosha uchafu. Ni ya kile kinachobaki baada ya kuosha.

Kisha punguza mzigo kwa dawa, ili klei isifanye kazi ambayo dawa ingeifanya bila kusugua. Kwa chembe za chuma ipo dawa ya kupulizia, inageuka zambarau inapokutana na chuma. Harufu yake ni mbaya, vaa glavu, isikaukie kwenye rangi, na suuza kwa maji mengi. Kwa lami ipo dawa yake. Usipoipata, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini yanalegeza lami, kisha osha mahali hapo kwa shampuu mpaka mafuta yaishe kabisa kabla ya klei. Petroli hapana, hata kama umezoea. Mvuke wake unavutwa na wewe, na moto hauombi ruhusa.

Utomvu wa mkorosho una bahati yake. Sehemu kubwa yake inalainika kwa maji. Lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, kilaze juu ya doa, kiache kitulie, rudia. Mara nyingi unafutika bila kukwanguliwa. Wa mwembe una mafuta ndani yake, ni mbishi zaidi.

Na saruji niliyoahidi kuirudia. Ikiwa bado ni vumbi, maji mengi bila kugusa. Ikiwa imeshaganda, klei haiiwezi, na ukilazimisha unasukuma vipande vya zege juu ya klia. Saruji ina chokaa, na chokaa inaogopa asidi. Siki ya jikoni ni asidi dhaifu. Lowesha kitambaa kwa siki, kilaze juu kwa dakika chache, kisikauke, suuza, rudia mpaka ilegee. Pasipo na rangi, pale bati limeonekana, usipeleke siki, utaleta kutu. Saruji iliyokaa miezi mpeleke mteja kwa fundi rangi, mwambie ukweli.

Gari likiwa safi na bado lina unyevu, ndipo mkono unapoulizwa. Vidole vyetu vimeota sugu, vinadanganya. Chukua nailoni nyembamba, ile iliyofungia mkate inafaa, ivalishe vidole, pitisha kwenye rangi taratibu bila kukandamiza. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya mkate bado vipo kila nyumba. Nailoni inakuza kila kilichochomoza. Rangi ambayo kwa macho ni safi utasikia inakwaruza kama changarawe. Anza na boneti, nenda kwenye paa, kisha ubavu wa chini nyuma ya tairi, kisha mlango wa nyuma. Mahali pasipokwaruza, usipeleke klei. Nasema tena kwa kuwa hapa ndipo pesa inapotushawishi: sehemu ya bodi isiyo na kitu haihitaji kusuguliwa hata kama mteja amelipia gari zima.

Donge la gramu 100 ligawe vipande viwili au vitatu. Kimoja tumia, vingine vifungie. Lifinyange liwe bapa, lienee chini ya vidole vitatu vinne. Chukua eneo dogo, kama nusu mita kwa nusu mita, pulizia mpaka lilowe, kisha pitisha mbele na nyuma kwa mistari iliyonyooka. Usizungushe. Ikitokea alama, alama ya mstari ni nyepesi kuiondoa, na jua haliionyeshi kama ya mviringo. Mkono uwe mwepesi, uzito wa vidole vyenyewe unatosha. Mwanzoni utasikia ukwaruzo na donge linavutwa kidogo. Baada ya kupita mara kadhaa sauti inakufa na donge linateleza bila kizuizi. Hapo eneo limekwisha, usiongeze. Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba, kagua kwa nailoni, endelea.

Kila unapomaliza eneo, geuza donge ulitazame. Likiwa na madoa meusi au ya kutu, likunje uchafu uingie ndani, upate uso mpya. Usipokunja, unasugua eneo la pili kwa uchafu wa eneo la kwanza. Donge likiwa limechafuka kote, halina tena uso safi, muda wake umekwisha.

Likianguka chini, litupe. Hapa naomba mnisikilize kwa masikio yote mawili. Kwenye sehemu zetu za kuoshea chini ni mchanga, ama sakafu yenye mchanga. Donge likigusa hapo mchanga unaingia ndani na hakuna kuuosha ukatoka. Najua limenunuliwa kwa pesa, najua limesafiri kutoka Dar. Ndiyo maana tumeligawa vipande, ili kinachopotea kiwe kipande. Kijana anayelipangusa kwenye suruali na kuendelea anaweka akiba ya elfu chache na kukwaruza gari la mamilioni. Wenye vituo, msiwakate vijana wenu posho kwa donge lililoanguka. Mkifanya hivyo mnawafundisha kuficha, na atakayelipa ni mteja wenu. Kuna glavu na vitambaa vyenye uso wa mpira vinavyofanya kazi ileile, navyo vikianguka vinaweza kusuuzwa. Kwa kituo chenye magari mengi na vijana wanaojifunza, mimi nashauri mwanzie huko.

Klei huuzwa kwa ukali tofauti. Chukueni ile laini kabisa. Ile kali ni ya fundi aliye tayari kupiga polishi baadaye, kwa sababu itaacha ukungu hafifu kwenye rangi, hasa nyeusi. Hata laini inaweza kuacha ukungu kwenye magari meusi yenye klia laini. Mwambieni mteja kabla, si baada.

Na baada ya klei, msimwachie gari likiwa uchi. Klei imeondoa uchafu na imeondoka na waksi iliyokuwepo. Rangi sasa haina kinga yoyote juu yake. Ikihitajika polishi, pigwe polishi. Isipohitajika, moja kwa moja waksi au kinga nyingine, siku hiyo hiyo. Kama mteja hana pesa ya waksi, mshauri asubiri mpaka awe nayo, ndipo afanyiwe klei. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha kwa magari mengi. Anayekuuzia klei kila mwezi anakuuzia klia yako mwenyewe.

Klei haiondoi mikwaruzo. Haing'arishi rangi iliyopauka. Haitoi alama ya kinyesi cha ndege iliyokwishaingia ndani ya klia. Mteja akija na shida hizo msimpe klei kwa kuwa ndiyo mnayo.

Kuna magari ambayo tunayakataa. Lililopakwa rangi juzi, subirini angalau mwezi, na mwulizeni fundi aliyelipaka, kwa kuwa rangi ya karakana isiyokaushwa kwenye oveni huchukua muda wake kukomaa. Lenye klia iliyokwisha kuanza kubabuka, donge litashika kingo za klia na kuzibandua zaidi. Lenye rangi isiyong'aa ya kiwandani, hilo liacheni, mtalitia mabaka ya kung'aa yasiyofutika.

Dada mmoja ameniandikia hapa anauliza bei. Bei za mji huu mnazijua ninyi, sitawapangia. Ninachoomba ni klei isiingizwe kwenye bei ya kuosha. Ni kazi ya pekee, kwa gari dogo inachukua saa moja hadi mbili ikifanywa kwa utulivu, na anayelipwa bei ya kuosha ataifanya kwa dakika ishirini. Mkubaliane na mteja kwanza: mpeni nailoni mkononi, ashike mwenyewe boneti yake, asikie. Kisha mfanyie kipande kimoja, ashike tena. Mwenye kukataa baada ya hapo mwacheni aende kwa amani.

Kijana wa bodaboda ameuliza tangi la pikipiki. Inawezekana, rangi ni rangi, ila kwenye stika zisizofunikwa na klia usipite, zitainuka pembeni.

Na la mwisho ni vioo. Klei ile laini, kwa kilainishi kile kile, inasafisha kioo cha mbele vizuri sana. Wadudu, utomvu, ukungu wa mafuta ya barabarani, vyote vinaondoka, na waipa inaacha kuruka na kupiga kelele. Tumieni kipande chake peke yake, msikirudishe kwenye rangi. Mvua zikikaribia, madereva wa Newala na Masasi mtakaoondoka alfajiri, ombeni mfanyiwe kioo hata kama gari zima hamlihitaji. Na ninyi mnaoosha, kioo cha dereva wa usiku mkifanyie hata asipoomba.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, narudisha kipaza sauti.